Wasomaji Wanauliza: Simu, Usingizi wa Watoto na Sheria za Nchi

Tangu shule zifunge, barua nyingi zinazofika mezani petu zinahusu watoto, simu na afya ya akili. Wapo wanaoitaka serikali ifunge mitandao yote, na wapo wanaoona kwamba serikali haina lake katika malezi. Tumechagua barua tano na kuzifupisha. Majina ya waandishi hatuyataji, kwa kuwa baadhi ya watoto wanaozungumziwa wangeweza kutambuliwa na majirani.

Binti yangu ana miaka 14 na anasoma shule ya bweni. Huko hana simu, lakini likizo ikifika hutumia simu yangu ya zamani. Nilidhani analala saa nne, kumbe hutega kengele ya saa sita usiku, akaamka na kukesha kwenye TikTok mpaka alfajiri. Mchana ana hasira, chakula hakimpiti, na kila siku anajilinganisha na wasichana anaowaona humo. Nasikia Australia imewapiga marufuku watoto. Kwa nini Uganda isifanye hivyo? — Mama wa watoto watatu, Tororo

Mama, kabla ya kwenda Australia, tuanze na hiyo kengele ya saa sita usiku, maana ndani yake kuna jibu ambalo wengi hawalitazamii. Bando za usiku, zile zinazoanza kufanya kazi saa sita na kuisha alfajiri, zimekuwa zikiuzwa kwa bei ndogo kuliko za mchana, na mtoto asiye na fedha hununua penye bei nafuu, kama wewe unavyofanya sokoni. Kwa hiyo usimwone mkaidi tu. Yupo mtu mzima aliyekaa ofisini akapanga kwamba intaneti iwe rahisi katika saa ambazo mtoto wa miaka 14 anapaswa kuwa amelala. Kodi nazo zimechangia. Julai 2018 tuliwekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaondolewa, tukaletewa kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Kila bei ya mchana inapopanda, wasio na uwezo husogea usiku. Tume ya Mawasiliano, yaani UCC, ndiyo inayozipa kampuni za simu leseni, na masharti ya leseni yanaweza kugusa namna bando zinavyotangazwa na kuuzwa kwa vijana. Mtu akiniuliza sera ya afya ya akili ya watoto ianzie wapi, ningeanzia hapo, na wala haihitaji teknolojia mpya.

Sasa Australia. Bunge la huko lilipitisha sheria mwishoni mwa Novemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, nayo inasema kwamba aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao kama TikTok, Instagram, Facebook na Snapchat. Wengi wanaoitaja hawataji nani anaadhibiwa. Mtoto haadhibiwi, wala mzazi wake. Kampuni isiyochukua hatua za kutosha kuwazuia watoto ndiyo inayoweza kutozwa faini, na faini hiyo inafika dola za Australia milioni 49.5. Hapo ndipo ninapoiunga mkono sheria hiyo: mzigo umewekwa juu ya yule anayeuza na kupata faida.

Lakini kuichukua nzima nzima na kuileta Tororo hakutatufaa sana. Laini ya binti yako, kama zilivyo laini za watoto wengi hapa kwetu, nadhani imeandikishwa kwa kitambulisho chako. Kampuni ikitazama, inakuona wewe. Simu yenyewe imepita mikononi mwako, itakwenda kwake, kisha kwa wadogo zake. Isitoshe, tumekwisha kuonja marufuku. Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, taifa zima lilijifunza kutumia VPN, yaani programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, na watoto walikuwa wanafunzi wepesi kuliko sisi. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Miaka 25! Hata Australia haijafika huko. Pita karibu na stendi yoyote ya teksi jioni ya Jumamosi, utazame nyuso zilizo mbele ya dirisha la kubetia, kisha uniambie umri huo unalindwa na nani.

Ningependa tuazime kwa Uingereza badala ya Australia. Tangu Septemba 2021 Waingereza wanaitumia kanuni inayozitaka kampuni za mtandaoni zitengeneze huduma zao zikikumbuka kwamba watoto watazitumia: mipangilio ya faragha iwe ya juu tangu mwanzo bila mtoto kuitafuta, mahali alipo mtoto pasionyeshwe, na mbinu za kumsukuma atoe taarifa zake au alegeze ulinzi wake zisitumike. Kanuni hiyo ilizaliwa kutokana na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, nasi tunayo ya namna hiyo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 kinakataza kukusanya au kutumia taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Programu inayomchagulia binti yako video inayofuata, usiku wa manane, inafanya hivyo kwa kutumia taarifa zake: alichokitazama, alipokawia, alichokirudia. Je, wewe ulitoa ridhaa lini? Mlango wa kisheria upo wazi. Kilichobaki ni serikali kuandika kanuni zinazosema waziwazi kwamba kifungu hicho kinaihusu na ile video inayojicheza yenyewe.

Kuhusu madhara, niseme kwa uangalifu. Wataalamu hawajakubaliana kiasi gani cha huzuni na hofu ya vijana kinatokana na mitandao yenyewe. Aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Marekani wakati huo, Vivek Murthy, alitoa waraka Mei 2023 akisema kwamba ushahidi uliopo hauturuhusu kusema mitandao hiyo ni salama vya kutosha kwa watoto, na hakusema zaidi ya ushahidi wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na matatizo hayo yana vyanzo vingi: umaskini, vipigo, vita, magonjwa. Hakuna ubishi mkubwa, hata hivyo, kuhusu usingizi. Mtoto anayekosa usingizi wiki nzima atakuwa na hasira, atakula vibaya, na dunia itaonekana nyeusi machoni pake hata kama video alizotazama zilikuwa za mapishi. Kwa likizo hii, simu zote za nyumba, pamoja na yako, zilale zikichajiwa chumbani kwako. Na hayo ya kujilinganisha, kama yupo shangazi anayemsikiliza, mwachie yeye. Kazi ya ssenga, shangazi anayewafunda wasichana, haijaisha kwa sababu ya intaneti.

Mwanafunzi wangu wa S2 (kidato cha pili) aliandika kwenye "status" yake ya WhatsApp kwamba amechoka kuishi. Wenzake waliipiga picha ya skrini, ikasambaa hadi kwenye kundi la wazazi. Uongozi wa shule unataka kumfukuza kwa kumiliki simu na kuichafulia shule jina. Mimi ni mwalimu mlezi wa wasichana. Nifanye nini, na sheria inasema nini? — Mwalimu, Jinja

Mwalimu, mambo ya sheria yatasubiri aya moja. Kaa na binti huyo leo, mahali penye utulivu, umuulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mtoto anapata nafuu. Akikubali, asiachwe peke yake, mzazi au mlezi aitwe, na apelekwe kituo cha afya ambako kuna mtu aliyefunzwa afya ya akili, au hospitali ya rufaa ya Jinja. Mkikwama, namba 116, inayoitwa Sauti, ni ya simu za msaada wa watoto chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na kuipiga ni bure.

Kumfukuza ni kosa kubwa, nami naliandika hili nikijua kwamba mwalimu mkuu atalisoma. Mtoto aliyesema kwamba amechoka, akaondolewa mahali anapojulikana na kulishwa, anarudishwa huenda kulekule alikochokea. Kanuni za shule zetu nyingi zina ukurasa mzima juu ya simu: itakamatwa, itavunjwa, mzazi ataitwa. Tafuta ukurasa unaosema mwalimu afanye nini mwanafunzi anapoonyesha dalili za kuumia moyoni, na aghalabu hutaupata. Wewe mwenyewe unafundisha vipindi kamili kama wenzako, halafu ulezi wa wasichana mia kadhaa ni nyongeza isiyo na saa wala malipo. Hiyo ni sera pia, hata kama hakuna aliyeiandika, na bodi ya shule inaweza kuibadilisha kwa kukupunguzia vipindi bila kusubiri Kampala.

Kwa upande wa sheria, waliosambaza ile picha wanapaswa kujua kwamba taarifa za mtoto hazisambazwi hovyo. Kifungu cha 8 nilichokitaja hapo juu kinahusika, na Bunge lilipoirekebisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2022 liliongeza katazo la kutuma taarifa zinazomhusu mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Nakuonya, hata hivyo, usikimbilie polisi kwa wanafunzi wenzake. Sheria hiyo imepingwa mahakamani kwa sababu ilivyoandikwa inaweza kuwanasa watu wasiokusudiwa, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu kimoja cha sheria mama, kile cha mawasiliano ya kuudhi, kwa sababu kilikuwa kipana kupita kiasi. Watoto waliosambaza wanahitaji kukaa chini na mwalimu, wafute, na waombe radhi. Wazazi waliosambaza katika kundi lao ndio ningewaita ofisini kwa barua rasmi.

Lipo jambo moja zito zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Ni wazazi wangapi wanaomficha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka kituo cha afya kwa sababu wanaogopa ataandikwa polisi? Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria zao kinakwenda kinyume na katiba. Wabunge wetu wangeweza kukiondoa chetu bila kungoja kesi.

Sisi tulitoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Katika makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani zinaingia video za vita kila siku, maiti na vijiji vinavyochomwa. Mwanangu wa miaka tisa huzitazama kwenye simu yangu nikiwa shambani. Sasa anakojoa kitandani na hataki kwenda shule. Wengine wananiambia amerogwa. — Baba, makazi ya wakimbizi ya Nakivale

Baba, pole sana. Mtoto wako hajarogwa. Mtoto aliyekimbia vita akaletewa vita ileile kila jioni mkononi hawezi kujua kwamba amefika mahali pa usalama, na mwili wake unasema hivyo kwa njia unayoiona.

Anza na simu, kwa kuwa hilo ni rahisi. Katika mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Izime, na zilizomo ndani ya simu zifute. Wewe utazifungua moja moja unapotaka kujua habari za ndugu. Mwombe pia msimamizi wa kundi aweke kanuni kwamba habari za vita ziandikwe kwa maneno au zisemwe kwa sauti, bila picha za maiti. Watu wengi watakubali, kwa sababu nao wamechoka.

Usimwone mtoto wako dhaifu. Vijana waliokuwa wameajiriwa jijini Nairobi kuchuja picha na video za kutisha kwa ajili ya Facebook walifungua kesi dhidi ya kampuni mama yake, Meta, wakieleza kwamba kazi hiyo iliwavuruga akili. Hao walikuwa watu wazima wanaolipwa, na walijua wanatazama nini. Na katika makundi ya WhatsApp hakuna hata mchujaji, kwa kuwa ujumbe umefungwa kwa siri kati ya anayetuma na anayepokea. Serikali yoyote inayodhani kampuni itamlinda mtoto wa Nakivale kwa kufuta video moja moja inajidanganya. Kwa aina hii ya madhara, ulinzi unaofanya kazi ni watu waliofunzwa walio karibu na nyumba yako.

Kwa hilo sheria ipo upande wako. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 iliandikwa ili matibabu ya akili yapatikane katika vituo vya afya vya ngazi ya msingi, si katika hospitali ya taifa ya akili ya Butabika peke yake. Nenda kituo cha afya cha makazi, mweleze mhudumu mambo matatu: kitanda, shule na video. Hayo ndiyo yatakayomsaidia kuelewa. Dalili zikiendelea, omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Mbarara, ambayo ina kitengo cha afya ya akili. Na mjumbe wa afya wa kijiji, VHT, ajulishwe, ili majirani wanaosema habari za kurogwa wasikie neno lingine kutoka kwa mtu wanayemheshimu.

Nina miaka 17. Watu wazima mnatuzungumzia kama wagonjwa. Shule zilipofungwa, intaneti ndiyo iliyonifundisha. Nani ametuuliza sisi? — Kijana, Bombo

Mwanangu, una haki ya kukasirika. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani. Aliyekuwa na simu aliendelea kusoma na kuzungumza na wenzake. Asiyekuwa nayo alisikiliza redio, kama ilikuwa na betri. Sera inayotaja hatari pekee inasahau hilo, na huishia kumnyima mtoto wa maskini kile ambacho mtoto wa tajiri atakipata kwa vyovyote.

Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto ilipoandika mwongozo wake juu ya mazingira ya kidijiti, uliotoka mwaka 2021, iliwauliza mamia ya watoto katika nchi mbalimbali, na Uganda iliridhia mkataba wa haki za mtoto tangu 1990. Kwa hiyo kuulizwa kwenu ni wajibu wa serikali, haitakuwa imewafanyia hisani. Bombo kuna baraza la mji. Andikeni, wewe na wenzako, mambo mnayotaka yabadilike mtandaoni, mkayapeleke huko na nakala mtuletee sisi. Tutaichapisha bila kuirekebisha lugha.

Kijijini kwangu kuna kibanda cha video kinachoonyesha filamu za kutisha na za watu wazima mchana kweupe, na watoto wamejaa. Karibu yake kijana mmoja anawajazia memori kadi video za aina hiyo kwa shilingi chache. Nimechoka kuwafukuza kwa fimbo. Je, LC1, yaani baraza la kijiji, ina mamlaka yoyote? — Mwenyekiti, wilaya ya Busia

Mzee mwenyekiti, barua yako imenifurahisha kwa sababu mazungumzo mengi ya Kampala yanadhani kila mtoto yupo mtandaoni, na yanamsahau yule anayepokea mambo hayohayo kwenye memori kadi, bila bando, bila akaunti, bila kampuni ya kigeni unayoweza kuipiga faini. Hakuna sheria ya Australia itakayomfikia kijana wako wa memori kadi. Wewe utamfikia.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inayaruhusu mabaraza ya ngazi za chini, likiwemo la kijiji, kutunga sheria ndogo, mradi zisipingane na katiba wala sheria za nchi, na sharti zipelekwe ngazi ya juu zikahakikiwe. Kwa kuwa kibanda hulipia leseni ya biashara, ni vyema suala hili mlibebe hadi gombolola, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, ili sharti liingie kwenye leseni yenyewe. Andikeni kwamba mwenye kibanda asimruhusu aliye chini ya miaka 18 katika filamu za watu wazima, na kwamba wakati wa masomo hakuna mtoto wa shule anayeingia. Kazi ya kupanga filamu kulingana na umri ni ya Baraza la Vyombo vya Habari, kwa hiyo msijipe kazi ya kuamua filamu ipi ni mbaya. Ninyi simamieni mlango.

Kwa kijana wa memori kadi, kumjazia mtoto picha za ngono si suala la sheria ndogo. Hilo ni la polisi, kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, nawe unayo haki ya kulipeleka. Lakini muite kwanza kwenye mkutano wa kijiji. Ana ujuzi, ana kompyuta, na wateja wake wakuu ni watoto wa shule. Wapo walimu katika gombolola yako wanaotafuta mtu wa kuwapakulia masomo na mitihani ya zamani. Akikataa baada ya kuonywa mbele ya watu, hapo mpeleke.

Na hiyo fimbo iache nyumbani, mzee. Adhabu iandikwe kwa mwenye kibanda, asiguswe mtoto wala mzazi aliyekuwa shambani. Muswada wenu mkiuandika, mwonyesheni ofisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola kabla ya kuusoma hadharani, maana faini iliyowekwa kwa kiwango kisichoruhusiwa kisheria itawapa wenye kibanda sababu ya kuwashinda siku ya kwanza.